Chombo Kilichoitwa Uhuru

Tumezoea kuhakiki mashairi na hadithi. Twauliza mtungaji alikusudia nini, alifuata njia gani, na kama kazi yake yamfaa msomaji. Katika insha hii nataka tuhakiki kazi ya namna nyingine, nayo ni mpango. Mpango nao hutungwa. Una kusudi na mipaka yake, una uzuri na makosa yake, na mara nyingi huyagusa maisha ya watu wengi kuliko shairi. Mpango niutakao ni ule uliozaa chombo cha kwanza duniani kilichotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchungua mionzi ya eksirei itokayo katika nyota. Chombo hicho kilirushwa kutoka katika maji ya Kenya tarehe 12 Desemba 1970, na jina lake lilikuwa Uhuru.

Yafaa nikueleze, msomaji, sababu ya kuuchagua mpango huu. Mimi ni mwalimu hapa Pap Onditi, katika nchi ya Nyakach, si mbali na Ghuba ya Winam. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikilifundisha darasa langu habari za mionzi. Nikakitaja chombo cha Uhuru, tena nikakitaja kwa majivuno, maana nilipenda kuwaona wanafunzi wakiinua vichwa vyao waliposikia neno la Kiswahili katikati ya somo la fizikia. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akauliza, "Mwalimu, jina lilikuwa letu. Na kazi je, ilikuwa yetu?" Nikamwambia kwamba swali lile halikuwa la fizikia. Akaketi. Jioni nilipokuwa nikirudi nyumbani nilitambua kuwa sikumjibu bali nilimnyamazisha. Tangu siku ile nimekuwa na deni, na insha hii ni malipo yake.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kulipima andalio la somo kwa maswali manne. Kusudi lake ni nini? Vifaa vyake vyalingana na kusudi hilo? Muda uliowekwa ni wa kweli? Na somo likiisha, ni nani atakayebaki na elimu? Sijapata bado mizani iliyo bora kuliko hii ya kupimia mpango wowote, uwe mdogo wa darasani au mkubwa wa mbinguni. Basi na tuyatumie maswali hayo, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza ni la kusudi. Watu wengi waijua eksirei kwa sababu ya hospitali. Mtu akivunjika mkono, mionzi hii hupita katika nyama na kuzuiwa na mfupa, na kwa njia hiyo daktari huona pale palipovunjika. Lakini hewa, ambayo sisi twaidhani kuwa si kitu, ikiwa nene kilometa nyingi huwa kizuizi kikubwa kuliko mfupa. Mionzi ya eksirei itokayo katika nyota humezwa yote na angahewa kabla ya kufika chini. Hata ukipanda kilele cha Kilimanjaro na darubini nzuri kuliko zote, hutaipata. Atakaye kuiona hana budi kukipeleka chombo chake juu ya hewa.

Tarehe 18 Juni 1962 wataalamu wa kampuni moja ya Marekani, wakiongozwa na Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, walirusha roketi kutoka jangwa la New Mexico. Walisema kwamba wanatafuta eksirei katika mwezi. Roketi ilikaa juu ya hewa muda wa dakika sita hivi, kisha ikaanguka. Katika dakika hizo sita vipimo vyao vilikuta mionzi mikali ikitoka si katika mwezi, bali upande wa kundi la nyota liitwalo Nge. Nyota hiyo hutoa nguvu nyingi zaidi kwa eksirei kuliko kwa nuru tuionayo kwa macho. Jua letu si hivyo hata kidogo. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba mbinguni mna vitu vya namna ambayo hapana mtu aliyeitazamia.

Mwaka uliofuata, 1963, Giacconi na mwenzake Herbert Gursky waliandika mpango wa miaka kadha na kuupeleka kwa shirika la anga la Marekani. Ndani yake mlikuwa na hatua zilizopangwa kama ngazi. Kwanza ziendelee roketi ndogo, kisha kitengenezwe chombo cha kuizunguka dunia na kuipekua mbingu yote, na mwisho ije darubini kubwa yenye kioo cha upana wa meta 1.2. Chombo cha kupekua ndicho kilichokuja kuitwa Uhuru. Tazama jinsi kusudi lake lilivyo fupi. Hawakusema kwamba kitaeleza asili ya nyota zote, walisema kwamba kitahesabu vitu vitoavyo eksirei na kuonyesha mahali pake. Mimi naliona hili kuwa sifa ya kwanza ya mpango ule. Wanafunzi wangu wengi, wakiambiwa waandae jaribio la sayansi, huandika makusudi saba, na jaribio lao halitimizi hata moja.

Swali la pili ni la vifaa. Chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, uzito wa magunia mawili ya mahindi yasiyojaa sana. Hakikuwa na kioo wala hakikupiga picha. Macho yake yalikuwa masanduku ya gesi yenye madirisha membamba ya madini. Mwonzi wa eksirei ukiingia ndani uliigonga gesi na kuzalisha umeme kidogo sana, nacho chombo kikahesabu, na kwa ukubwa wa umeme ule kikajua nguvu ya mwonzi. Mbele ya masanduku waliweka vijia vyembamba vya kuuzuia mwonzi wowote utokao kando. Upande mmoja vijia viliacha nafasi ya nusu digrii hivi, ambayo ni kama upana wa mwezi mpevu, kwa urefu wa digrii tano. Upande wa pili viliacha digrii tano kwa tano.

Mtoto wa ziwani atafahamu mara moja sababu ya kuwa na pande mbili. Mvuvi wa omena hatumii wavu wa mvuvi wa mbuta. Tundu dogo huzuia kitu na tundu kubwa huzuia kingine, na mwenye nyavu mbili hurudi na habari za ziwa kamili zaidi kuliko mwenye mmoja. Upande mwembamba wa Uhuru ulizitenga nyota zilizokaribiana. Upande mpana uliweza kuitazama kwa muda mrefu zaidi nyota hafifu iliyokaa peke yake. Chombo kilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, kikipita juu ya mbingu ukanda kwa ukanda.

Mhakiki mkali aweza kusema kwamba vifaa hivi vilikuwa duni. Darubini isiyo na kioo ni darubini gani? Tena elimu ya vioo vya eksirei ilikwisha kuwapo, maana Giacconi na Bruno Rossi waliandika juu yake mwaka 1960. Eksirei ikikipiga kioo cha kawaida uso kwa uso huzama ndani yake. Lakini ikikijia kwa kukipangusa tu, huruka na kuendelea, kama jiwe bapa ambalo watoto hulirusha juu ya maji ya ziwa likadunda mara tatu nne kabla ya kuzama. Kwa vioo vya namna hiyo picha yaweza kupatikana. Mbona basi hawakungoja?

Jawabu langu ni kwamba kungoja kungekuwa kosa. Darubini ya picha hutazama kipande kidogo cha mbingu kwa wakati mmoja. Ielekezwe wapi, kama hapana ajuaye vitu viko wapi? Kabla ya mwaka 1970 vitu vya eksirei vilivyojulikana vilikuwa makumi machache tu, vilivyookotwa na roketi za dakika tano au sita. Siku moja ina dakika 1440. Chombo hafifu kilichokaa juu miaka miwili na zaidi kilikuwa na thamani kuliko kioo kizuri kilichobaki karakana. Ramani hutangulia safari. Chombo cha Einstein, kilicholeta picha za eksirei za vitu vilivyo mbali kupita jua, kilirushwa mwaka 1978, nacho kilijua pa kutazama kwa sababu Uhuru ulikwisha kupita.

Katika vifaa nahesabu pia mahali pa kurushia, na hapo ndipo sisi twaingia katika habari hii. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia chini ya Luigi Broglio walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma juu ya maji, nao walirusha setilaiti yao ya kwanza kutoka huko mwaka 1967. Mahali pale pako digrii tatu tu kusini ya ikweta. Hapo ikweta dunia huzunguka kwa mwendo wa kilometa 1670 hivi kwa saa, na roketi irushwayo kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure. Pia njia iliyo juu ya ikweta hukiepusha chombo na sehemu za anga zenye chembe nyingi za umeme ambazo zingevivuruga vipimo vyake. Roketi ndogo, mahali pema: hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili na fedha chache. Ushahidi wa hekima yake tumeuona tena hivi karibuni. Darubini ya eksirei iitwayo IXPE ilirushwa mwaka 2021 kutoka Florida, ambako ni mbali na ikweta, na roketi ililazimika kutumia nguvu nyingi kuigeuza njia yake hadi kukaa juu ya ikweta. Kituo cha Malindi ndicho kilichochaguliwa kupokea habari zake.

Swali la tatu ni la muda, na hapa sina budi kuwa mkali. Mpango wa mwaka 1963 ulisema kwamba ile darubini kubwa ya meta 1.2 itakuwa tayari mwaka 1968. Darubini yenye kioo cha upana huo, iitwayo Chandra, ilirushwa tarehe 23 Julai 1999. Kosa ni la miaka 31. Mtoto aliyezaliwa siku mpango ulipoandikwa alikuwa na umri wa karibu miaka 36 uliopotimia. Giacconi hakuwa mwongo. Alifanya kosa la watu wenye hamu, ambao huhesabu siku za kazi na kusahau siku za kungoja fedha na za kubishana na wakubwa, na zile za kurudia lililovunjika. Lakini angalia kwamba ijapokuwa kalenda ilikosea, mfuatano haukukosea. Ngazi zilipandwa kwa utaratibu ule ule ulioandikwa. Mpango uliokosa tarehe waweza kusamehewa. Ule uliokosa mfuatano huanguka, wala hapana muda uwezao kuuponya.

Na matunda yake yalikuwaje? Uhuru ulifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vitu 339. Ulikuta katika kundi la Kantarusi kitu kipigacho kama moyo, pigo moja kwa sekunde 4.8, na kila siku mbili na kidogo kikajificha nyuma ya mwenziwe. Kwa kujificha huko ilijulikana kwamba ni nyota mbili zizungukazo pamoja: moja ndogo mno na nzito mno, ikiinyang'anya jirani yake gesi, na gesi ile ikianguka kwa kasi hupata moto hata ikatoa eksirei. Ulisaidia pia kuonyesha mahali pa kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho wanajimu wa nuru walikipima baadaye wakakuta ni kizito kupita nyota yoyote iliyokufa wanayoijua, na leo hutajwa kuwa shimo jeusi. Tena ulikuta kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la makumi ya milioni ya digrii, gesi isiyoonekana kwa macho. Si mavuno haba kwa masanduku ya gesi.

Sasa nafika kwenye swali la nne, ambalo ndilo la yule msichana. Somo lilipokwisha, ni nani aliyebaki na elimu?

Jina alilitoa Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi ule huko Maryland. Siku ya kurusha ilikuwa siku ya sherehe, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, naye alitaka kuwapa heshima watu wa nchi iliyowapokea. Siwezi kulidharau tendo hilo. Vyombo vingi vimepewa majina ya wafalme na wataalamu, na hiki kilipewa jina la tumaini la watu. Lakini heshima si elimu. Chombo kilibuniwa Massachusetts, kikasimamiwa Maryland, kikapandishwa juu ya roketi ya Marekani na kurushwa na Waitalia. Hesabu zake zilifanywa ng'ambo. Njia yake ilikuwa juu ya ikweta, kwa hiyo kilipita katika anga la Nyakach mara 14 hivi kila siku, na chini yake wazee wetu walikuwa wakilima na kuvua bila habari. Kusudi la mpango lilikuwa kuipekua mbingu, si kuwafundisha wenye nchi. Kwa mizani ya mwalimu, hapo mpango ulipungukiwa.

Hata hivyo mhakiki wa haki husikiliza upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1970 ndio Chuo Kikuu cha Nairobi kilipopata kusimama peke yake. Nchi ilihitaji madaktari, waalimu na wahandisi wa barabara kabla ya wanajimu. Wageni walikuwa na kazi yao, nao waliifanya vizuri. Ilikuwa juu yetu kuomba kiti mezani, wala mgeni hawezi kulaumiwa kwa swali ambalo mwenyeji hakuliuliza. Majukwaa ya Ngomeni yalirusha setilaiti tisa hadi mwaka 1988, na nyingine tatu kati ya hizo zilikuwa za kuchungua eksirei au mionzi mikali zaidi kutoka nyota. Hiyo ni miaka 21 ya mlango ulio wazi nusu.

Nimeona dalili za kutengeneza. Mwaka 2017 ilianzishwa Mamlaka ya Anga ya Kenya. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa msaada wa Waitalia na Wajapani, kilipeleka angani kisanduku cha sentimeta kumi kila upande. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, ya kutazama mashamba na maji yetu. Nayo ilirushwa kutoka California. Mwaka 1970 Wamarekani walikileta chombo chao pwani yetu. Miaka 53 baadaye sisi tulikipeleka chetu pwani yao. Kijana mwenye kufikiri atauliza kwa nini, na nisingependa tena awepo mwalimu wa kumwambia aketi.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa kusudi na vifaa, mpango wa Uhuru ni kazi bora, na wafaa kusomwa na kila atakaye kujifunza kupanga. Kwa muda, ulijidanganya. Kwa kuwanufaisha wenye nchi ulitupa jina tu, nasi tulilipokea kana kwamba ni urithi mzima. Kosa hilo la mwisho nalihesabu nusu kuwa lao na nusu kuwa letu, na sehemu ndogo ya nusu yetu ni yangu mwenyewe, kwa sababu miaka mingi nililitaja jina lile darasani bila kuuliza lolote.

Jambo moja la mwisho, msomaji. Vitu vilivyomo katika ile orodha ya mwaka 1978 bado hutajwa na wanajimu wa dunia nzima kwa alama inayoanza na 4U, kisha tarakimu. Nne ni kwa sababu ilikuwa orodha ya nne. U ni Uhuru. Mtaalamu wa Japani au Ujerumani aiandikapo alama hiyo huandika herufi ya kwanza ya neno letu, pengine bila kujua maana yake. Wewe waijua maana. Jifunze sasa na hesabu zinazofuata herufi hiyo.

Msichana yule alimaliza shule, naye yuko mbali nami leo. Kama insha hii itamfikia, ajue kwamba swali lake lilikuwa la fizikia.